FEZA YA AKIBA: TUIWEKE WAPI?

Zahabu ilionekana upande wa Kilo mwaka wa 1903. Tangu siku zile feza inapita mikononi mwa watu wa Ituri. Inapita, lakini haikai. Mtu anarudi toka machimbo na noti mfukoni. Miezi miwili baadaye mtoto wake anafukuzwa masomoni, na mke wake anaomba mbegu kwa jirani. Basi tuulizane: feza ya akiba tuiweke wapi?

1. Katika nyumba. Wengi wanaficha noti katika mkebe. Mwizi anaweza kuipata. Moto na mchwa vile vile. Tena noti yenyewe inaweza kufa. Ulizeni wazee: mwaka wa 1993 zaire 3.000.000 za zamani ziligeuka zaire mpya 1. Mwaka wa 1998 zaire mpya 100.000 ziligeuka franka 1. Aliyeacha noti zake katika mkebe alibaki na karatasi tu.

2. Katika banki. Banki inalinda feza na mwizi na moto. Hiyo ni kazi njema. Lakini faida yake pengine ni ndogo. Tuhesabu kwa mfano. Unaweka franka 100.000. Faida ya mwaka ni 3 kwa 100: unapata 3.000. Banki inakata 500 kila mwezi kwa kazi yake: inakata 6.000. Mwisho wa mwaka una 97.000. Zamani beseni ya maharagi ilikuwa 10.000, ungalinunua beseni kumi. Sasa ni 11.000: unanunua nane tu, na feza iliyobaki haitoshi ya tisa. Kwa hiyo, mbele ya kuweka, ulizeni mambo matatu: Faida ni ngapi? Banki inakata ngapi? Naweza kuweka kwa dola?

3. Katika likelemba. Watu kumi wanatoa 10.000 kila mwezi, na kila mwezi mmoja anapokea 100.000. Hakuna faida, lakini unapata feza nyingi mara moja, ya kununua majembe au mabati. Chagueni watu mnaowajua. Andikeni katika kitabu mbele ya wote. Ombeni zamu yenu ifike wakati wa kupanda. Anayepokea mwisho asingoje bure: bei zikipanda, feza yake imepungua.

4. Katika gala na zizi. Wakati wa mavuno maharagi ni ya bei ndogo; wakati wa kupanda kila mtu anayatafuta. Yakaushe mpaka jino lisiingie, ondoa yaliyotobolewa, changanya na majivu safi ya kuni, funga vizuri katika chombo kikavu. Ukiacha kazi hii, wadudu watakula akiba yako yote. Mbuzi jike anabeba mimba miezi mitano, na anazaa mtoto mmoja au wawili. Hiyo ni faida kubwa kuliko ya banki. Lakini mbuzi anakufa, noti ya banki haifi kwa ugonjwa. Mjengee nyumba iliyoinuliwa juu ya udongo, na mwite mganga wa nyama mapema.

5. Jihazarini na mtu anayeahidi kuzidisha feza kwa siku chache. Mwaka wa 1991 watu wengi wa Kinshasa walipeleka feza yao kwa watu wa namna hii. Wa kwanza walilipwa kwa feza ya waliofuata. Kisha mchezo ulianguka, na wengi walipoteza yote.

Basi, msiweke mayai yote katika kiota kimoja. Feza ya ugonjwa na ya masomo iwe banki, hata kama faida ni ndogo, kwa sababu utaihitaji kwa haraka. Feza ya majembe iwe likelemba. Inayobaki iwe mbuzi na maharagi. Na siku ya kutoka machimbo, tengeni akiba kwanza, mbele ya kupita penye pombe. Zahabu ya udongo itakwisha siku moja. Shamba lililotunzwa litawalisha watoto wenu.