BAISKELI, GANZI YA VIDOLE NA UPANA WA MATAIRI



Mwezi huu tunazungumzia matairi ya baiskeli. Msishangae kuyaona katika ukurasa wa afya. Katekista mmoja alifika kwetu vidole viwili, kidogo na cha pete, vikiwa na ganzi. Kufunga vifungo vya shati kulimshinda. Alikuwa ameficha hali hiyo kwa miezi mitatu akihofia ukoma. Tulimpima, hakuwa nao. Ila alikuwa amenunua baiskeli ya mbio ya mtumba, yenye matairi membamba, na kila wiki aliiendesha kwenye changarawe kwenda vigangoni.

Tairi jembamba hujazwa upepo mwingi hadi liwe gumu. Likigonga jiwe, mshtuko hupanda kwenye uma, ukafika kwenye usukani na kiganjani. Hapo, upande wa kidole kidogo, hupita mshipa wa fahamu. Ukigandamizwa na kutikiswa kwa saa nyingi, vidole hufa ganzi, na baadaye huweza kupungukiwa nguvu. Tena tairi jembamba huzama mchangani. Anayeanguka hujikinga kwa mkono, nasi tunapokea waliovunjika kifundo cha mkono au mtulinga.

Tairi pana hubeba uzito uleule kwa upepo mdogo zaidi, hivyo hubonyea juu ya jiwe na kupunguza mshtuko. Kabla ya kununua, zingatieni haya:

1. Someni namba ubavuni mwa tairi, kwa mfano 23-622. Ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kipimo cha rimu. Badilisheni ya kwanza tu. Tairi la baiskeli zetu za kawaida, inchi 28 kwa 1½, ni la rimu ya 635. Halifai kwenye rimu ya 622, litachomoka.

2. Pimeni nafasi kwenye uma, nyuma na chini ya breki. Zibaki angalau milimita 4 kila upande, la sivyo tope na kokoto vitakwama na gurudumu kusimama ghafla. Baiskeli nyingi za mbio huishia 25 au 28. Nafasi isipotosha, msilazimishe. Heri kutafuta baiskeli nyingine.

3. Msizidishe upepo kupita kiwango kilichoandikwa kwenye tairi. Wala usiwe mdogo mno, maana rimu itagonga mawe na kukata tyubu.

Katekista wetu aliweka matairi ya 28, akapumzisha mikono, na ganzi ikapungua pole pole.

Lakini ndugu, msijitibu kwa kubadilisha matairi tu. Ganzi isiyoisha yaweza kuwa dalili ya kisukari au ya ukoma wenyewe. Ukoma unapona, na dawa zake hutolewa bure. Anayechelewa ndiye anayebaki na ulemavu. Njooni mapema mpimwe.

Kinga ni bora kuliko tiba. Mungu awalinde safarini.