Sura ya 6: Mwenye Kubuni na Mwenye Kukagua

Imani ninayokutana nayo kila mara ni hii: kompyuta ni mashine ya hesabu, kwa hiyo chochote inachosema kimepigiwa hesabu, na kilichopigiwa hesabu hakina kosa. Wanafunzi wa chuo wanaiamini, wahasibu wanaiamini, hata mawakili. Si kweli. Mtandao wa nyuroni unaokuandikia jibu unapiga hesabu nyingi mno, lakini zote ni za kutafuta neno lipi lina uwezekano mkubwa wa kufuata. Ukiuuliza kwa nini umejibu hivyo, utatunga maelezo kwa njia ileile uliyotungia jibu, na hakuna kinachoyalazimisha maelezo hayo yalingane na kilichotokea ndani yake. Wanaosema humo mna jini hawana tofauti kubwa na wanaosema mna hekima. Mna namba zilizorekebishwa kwa mifano mingi, basi.

Programu za mantiki ni kinyume chake. Unazipa kanuni na mambo yanayojulikana, nazo zinatoa yale tu yanayofuata, hatua kwa hatua, kila hatua ikikaguliwa. MYCIN, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya 1970, ilikuwa na kanuni zipatazo 600 za kutambua maambukizi ya bakteria na kushauri dawa, na daktari aliweza kuiuliza imefikaje pale. Udhaifu wake ni kwamba kila kanuni iliandikwa na mtu. Nje ya kanuni zake haikujua lolote.

Kuna mtindo wa kusimulia historia hii kana kwamba ni ugomvi wa koo mbili: huku watu wa mitandao, kule watu wa mantiki, na mmoja lazima ashindwe. Huo ni uzushi. Makala iliyoanzisha fani ya mitandao ya nyuroni, ya Warren McCulloch na Walter Pitts mwaka 1943, ilikuwa makala ya mantiki. Walionyesha kwamba nyuroni yenye njia mbili za kuingizia taarifa, inayowaka pale tu zote mbili zinapowaka, inafanya kazi ya neno “na”. Ukiilegezea sharti hilo iwake hata kwa njia moja, inafanya kazi ya neno “au”. Kilichokuja kutenganisha mambo ni mafunzo. Mtandao uliojifunza kutokana na mifano haufungwi na kanuni yoyote. Unaegemea tu upande ambao mifano mingi imeegemea.

Njia kuu za kuviunganisha viwili hivi ni tatu, na nilikusudia kuzipa nafasi sawa. Lakini ya kwanza, ambayo mtandao unabuni na mantiki inakagua, ina mfano ninaoupenda kuliko mingine yote, na sitaupita haraka.

Januari 2024 watafiti wa Google DeepMind na wenzao walitangaza AlphaGeometry, mfumo wa kuthibitisha jometri. Chora pembetatu ABC ambayo upande AB ni sawa na AC. Thibitisha kwamba pembe B ni sawa na pembe C. Injini ya mantiki inakusanya kila linalofuata kutokana na AB = AC, kisha inakwama, kwa sababu kwenye mchoro hakuna zaidi cha kulinganisha. Hapo ndipo mtandao wa nyuroni unapoitwa. Kazi yake ni moja, kupendekeza kitu cha kuongeza kwenye mchoro. Unasema: weka nukta D katikati ya BC. Hauthibitishi chochote. Injini inarudi kazini. BD ni sawa na DC, kwa kuwa D iko katikati; AB ni sawa na AC, tuliambiwa; AD ni upande wa pembetatu zote mbili. ABD na ACD zinalingana pande zote tatu, kwa hiyo pembe zake zinalingana, na B ni sawa na C.

Angalia kosa linaweza kuingilia wapi. Mtandao ukipendekeza nukta isiyo na maana, hasara ni muda tu. Injini haitafika popote nayo, na mtandao utapendekeza nyingine. Ubahatishaji hauna mlango wa kuingia kwenye uthibitisho. Kwa mpangilio huu mfumo ulifumbua maswali 25 kati ya 30 ya jometri kutoka Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, wakati mfumo bora uliotangulia ulifumbua 10. Katika swali moja la mwaka 2004, kufuatilia hatua za uthibitisho kulionyesha kwamba sharti moja la swali, nukta kuwa katikati ya upande, halikuhitajika kabisa.

Mwaka 2025 mfumo mwingine wa Google DeepMind ulipata alama 35 kati ya 42 katika Olimpiadi hiyohiyo, ukiandika kwa lugha ya kawaida. Mara wakajitokeza waliotangaza kwamba mantiki imekwisha kazi. Wajiulize basi nani alijua kwamba majibu yale ni sahihi. Walijua wasahihishaji, binadamu, waliosoma kila mstari.

Njia ya pili naieleza kwa ufupi: wakati wa mafunzo, mtandao unaadhibiwa kila unapovunja kanuni. Husaidia, lakini unajifunza kuziheshimu mara nyingi, si daima.

Ya tatu ndiyo inayouzwa zaidi: mtandao unasoma maelezo ya mtu, unayageuza kuwa alama, na programu ya mantiki inatoa hukumu. Chukua mirathi ya Kiislamu, ambayo hesabu yake ina kanuni zilizo wazi. Marehemu ameacha mke, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike. Baada ya gharama za maziko, madeni na wasia, mke anapata 1/8. Saba ya nane iliyobaki inagawiwa kwa watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike moja: kila mvulana 7/20, msichana 7/40. Programu haitakosea hapo kamwe. Sasa tuseme maelezo ya familia yalimtaja mama wa watoto, naye alikwisha kuachwa na eda yake ikamalizika miaka mingi kabla ya kifo. Mtandao ukimwandika “mke”, programu itampa 1/8 isiyo haki yake, kwa hesabu safi kabisa. Mantiki hulinda njia kutoka kwenye dai hadi hukumu. Dai lenyewe hailichunguzi.

Kwa hiyo ofisi yako ikiletewa mfumo wa namna hii, usiridhike na onyesho. Mwambie muuzaji akuonyeshe, kwenye skrini, maandishi yaliyoingia na alama zilizotoka kabla hesabu haijaanza, na akutajie ni mtu gani anazisoma. Akishindwa, usinunue.