Mkunga katika Tangi la Kioo: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua

Mkunga tunayemzungumzia hapa ni samaki wa baharini mwenye umbo la nyoka. Duniani wapo aina zipatazo 200, na baadhi yao huishi katika miamba ya matumbawe ya pwani yetu na ya visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia. Mchana hujificha katika nyufa za miamba na kutokeza kichwa tu. Usiku hutoka kuwinda, akitegemea zaidi pua kuliko macho. Kufungua na kufumba kinywa kila mara si tishio: ndivyo anavyopumua.

Mnunuzi wa Dodoma anayevutiwa na samaki huyu, kwa nyumba au kwa hoteli, atambue kwamba bei ya samaki ni sehemu ndogo ya gharama. Gharama kubwa ni bahari yenyewe, ambayo itabidi itengenezwe na kutunzwa umbali wa takribani kilomita 450 kutoka pwani.

Maji ya baadhi ya visima vya Dodoma yana ladha ya chumvi, lakini hayo si maji ya bahari. Bahari ina takribani gramu 35 za chumvi katika kila lita, pamoja na madini mengine kwa uwiano maalumu. Chumvi ya mezani haiwezi kuchukua nafasi yake. Tangi la lita 300 huhitaji zaidi ya kilo 10 za chumvi maalumu ya matangi kwa kulijaza mara moja, na sehemu ya maji hubadilishwa mara kwa mara. Hewa kavu ya nyanda za kati hukausha maji upesi, ilhali chumvi hubaki; kwa hiyo kilichopungua hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi. Usiku wa Juni na Julai huhitaji hita, na umeme ukikatika pampu husimama. Aidha, tangi jipya huachwa wiki kadhaa bila samaki, mpaka bakteria wanaosafisha uchafu wazaliane.

Ulizeni pia aina. Mkunga mkubwa wa miamba hufikia urefu wa mita 3 na hafai kufugwa nyumbani. Mkunga mdogo mwenye madoa meusi na meupe, anayekula zaidi kaa na kamba, huvumilia tangi kuliko wengi. Mkunga utepe wa buluu mara nyingi hukataa chakula hadi kufa. Wapo pia wanaouzwa kwa jina la "mikunga wa maji baridi", ilhali wengi wao huhitaji maji yenye chumvi ili waishi muda mrefu.

Tangi lazima liwe na mfuniko uliobana, kwa maana mkunga hupenya katika tundu dogo na kufia sakafuni. Mlisheni kwa koleo, kamwe si kwa mkono. Mbali na meno ya mbele, ana taya la pili kooni linalovuta windo ndani, kama wanasayansi walivyoeleza mwaka 2007. Atakayeng'atwa asafishe jeraha na kwenda kituo cha afya.

Kabla ya kulipa, tunashauri mnunuzi:

– amwone samaki akila;
– aulize alikovuliwa, na kama muuzaji ana kibali;
– apewe risiti yenye jina la aina ya samaki na ahadi zote za muuzaji.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Aliyeambiwa kwamba maji ya kisima yanatosha, kisha samaki akafa, ana haki ya kulalamika, na risiti ndiyo ushahidi wake.

Asiyeweza kumtunza tena asimwachie katika bwawa la Hombolo wala Mtera, kwani huko samaki huyu wa bahari hatapona. Na ambaye hesabu hizi zimemlemea, samaki wa maji baridi watampendezea sebule kwa gharama ndogo zaidi.