Kijana Akichanganyikiwa Ghafla

Yupo kijana anayeishi na virusi vya UKIMWI, anameza dawa zake, anasoma vizuri. Katika majuma machache anabadilika. Halali usiku, anaongea ovyo, anawaogopa hata wa nyumbani. Baadaye huanguka kifafa, hutafunatafuna midomo bila sababu, mwishowe hunyamaza kabisa. Nyumbani watasema ni mapepo, au bangi, au kalogwa. Sisi wauguzi tunasema: huenda ubongo umevimba.

Kwa kijana kama huyu, hospitalini tunatafuta kwanza vijidudu: kifua kikuu cha ubongo, ukungu wa kriptokokasi, toksoplasma, kaswende, hepesi. Hivi vina dawa, lakini vikicheleweshwa huua.

Pengine vijidudu havionekani, maana kinga ya mwili yenyewe ndiyo inayoushambulia ubongo. Ugonjwa mmoja wa namna hii ulielezwa mwaka 2007 na daktari Josep Dalmau na wenzake. Kingamwili hushika milango inayopokea ujumbe kwenye seli za ubongo, na milango hiyo hupungua. Huwapata zaidi vijana, hasa wasichana, hata wasio na virusi. Baadhi yao hukutwa na uvimbe katika kifuko cha mayai. Mtu atauliza: kinga iliyodhoofika itapigaje? Virusi haviidhoofishi kinga tu, huivuruga pia, ikakosa kumtambua adui na mwenyeji.

Ndiyo sababu tunaomba kuchukua maji ya uti wa mgongo. Wazazi wengi hukataa, wakisikia kwamba sindano hiyo hulemaza. Sindano huchomwa kiunoni, chini ya pale uti unapokoma. Bila maji hayo daktari anabahatisha, na kubahatisha hapa ni hatari: dawa za steroidi zinazotuliza kinga humsaidia mwenye ugonjwa huu, lakini mwenye ukungu zaweza kumzidishia. Kipimo cha kingamwili hufanywa katika maabara kubwa, hivyo msishangae mkipewa rufaa. Wakitibiwa mapema wengi hupata nafuu kubwa, ingawa huchukua miezi mingi.

Maombi yaendelee, lakini mgonjwa awe njiani kuja hospitali. Msimfunge kamba. Akianguka kifafa mlazeni kwa ubavu, msimtie kijiko mdomoni. Msimwachishe dawa zake kwa uamuzi wenu. Njoni nazo zote, kwani baadhi, kama efavirenzi, zaweza kuvuruga usingizi na akili, na daktari atataka kuziona.