Kwa nini Msumbiji huiita Desemba 25 Siku ya Familia, na maana ya jina hilo huko Cabo Delgado

Kisheria, Desemba 25 nchini Msumbiji si sikukuu ya Krismasi. Kalenda ya serikali inaitambua kuwa Siku ya Familia, au Dia da Família kwa Kireno. Ofisi hufungwa, makanisa hujaa, watu hupika na kutembeleana kama kwingineko, lakini katika orodha rasmi ya mapumziko jina la Kristo halimo. Katika mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini kabisa mwa nchi, ambako vita vimewatoa watu makwao tangu mwaka 2017, jina hilo la kiserikali limebeba uzito ambao waliolitunga hawakuutarajia.

Kila mwaka taarifa zenye maneno hayo zinapofika kwenye meza yetu ya tafsiri, yupo mwenzetu atakayeuliza iwapo mwandishi wa Maputo amekosea. Hakukosea. Ili kuelewa, yafaa turejee mwaka wa uhuru.

Kanisa la wakoloni na dola isiyo na dini

Mwaka 1940 Ureno ilitia saini mkataba na Vatican uliolipa Kanisa Katoliki nafasi ya pekee katika makoloni yake, hasa katika elimu ya Waafrika. Wamisionari walisaidiwa na serikali, na kwa upande wao walitarajiwa kuwalea raia watiifu kwa Lisbon. Walikuwapo mapadri waliopinga, wengine wakafukuzwa nchini, lakini machoni mwa wapigania uhuru wengi msalaba na bendera ya Ureno vilisimama pamoja.

Uhuru ulipopatikana Juni 25, 1975, chama cha Frelimo kilitangaza dola isiyofungamana na dini yoyote. Mwezi mmoja baadaye, Julai 24, shule na hospitali zilitaifishwa, zikiwemo zile za misheni. Siku ya mapumziko ya Desemba ilibaki, ila ikapewa jina ambalo Mkristo, Mwislamu na asiye na dini wangeweza kulitumia bila ya mmoja kujiona mgeni katika sherehe ya mwenzake.

Uhusiano kati ya serikali na Kanisa ulitengemaa baadaye. Mkataba wa amani kati ya serikali na Renamo, uliotiwa saini Roma Oktoba 4, 1992, ulisimamiwa na Jumuiya ya Sant'Egidio pamoja na Askofu Mkuu wa Beira, Jaime Gonçalves. Hata hivyo jina la Siku ya Familia halikurudishwa nyuma, na leo Wakristo wengi hutakiana heri kwa majina yote mawili.

Pwani ambako Mariamu anajulikana

Visiwa vya Quirimbas vimetapakaa mbele ya pwani ya Cabo Delgado, na Macaloe, kaskazini ya Ibo, ni kimojawapo kati ya vidogo. Hii ni nchi ya Wamwani, wavuvi na wafanyabiashara wa baharini, ambao lugha yao, Kimwani, ina undugu wa karibu na Kiswahili. Wao ni Waislamu tangu karne nyingi. Mtawa Mdominiko João dos Santos aliishi katika kisiwa cha Quirimba miaka ya 1590 akihudumia Wareno wachache na jamaa zao, na Ukristo haukuota mizizi mirefu hapo. Makao yake makubwa ni bara, hasa katika nyanda za juu za Wamakonde, ambako misheni ya Nangololo ilianzishwa mwaka 1924. Katika mkoa mzima zaidi ya nusu ya wakazi ni Waislamu, na Wakatoliki ni takriban theluthi moja.

Kwa hiyo Mkristo wa pwani hii, awe mwalimu, muuguzi au mchuuzi aliyeshuka kutoka Mueda, huadhimisha Noeli akiwa amezungukwa na majirani wasioiadhimisha. Lakini majirani hao wanamjua vyema Mariamu. Sura ya 19 ya Kurani imepewa jina lake, na humo anasimuliwa akishikwa na uchungu wa kuzaa peke yake, mbali na watu wake, chini ya mtende. Injili ya Luka inamweka katika mji uliofurika wageni, ambamo hapakuwa na nafasi ya kulala. Masimulizi hayo mawili yanatofautiana katika mengi, na ya msingi, lakini yote yanamwonyesha mwanamke anayejifungua mahali ambapo si kwake.

Ufuo wa Paquitequete

Oktoba 5, 2017, watu wenye silaha waliushambulia mji wa Mocímboa da Praia. Vita vilivyoanza siku hiyo vimevunja misikiti na makanisa, vimewaua Waislamu na Wakristo. Mwaka 2020 misheni ya Nangololo iliharibiwa. Hayati Papa Francis alikitaja Cabo Delgado katika ujumbe wake wa Pasaka mwaka huohuo, na kwa wakazi wengi ilikuwa mara ya kwanza kusikia jina la kwao likitamkwa mbele ya dunia nzima. Kufikia mwaka 2022 watu waliokuwa wameyahama makazi yao walikaribia milioni moja.

Sura iliyokaa zaidi katika kumbukumbu ni ile ya Oktoba 2020. Mitumbwi na majahazi kutoka visiwani na kutoka pwani ya Macomia na Quissanga yalifika kwa mfululizo katika ufuo wa Paquitequete, mtaa wa zamani wa Wamwani mjini Pemba. Katika muda wa wiki chache zaidi ya watu 10,000 waliteremka hapo. Wengine hawakufika: mwishoni mwa mwezi chombo kilichojaa abiria kilizama kati ya Ibo na Matemo, na makumi ya watu wakafa maji.

Waliofika walipokewa na nani? Mashirika ya misaada yalikuwapo, Caritas ya Jimbo Katoliki la Pemba ikiwa miongoni mwao. Lakini sehemu kubwa ya wakimbizi wa ndani katika mkoa huu hawakulala kambini. Walilala katika nyumba za ndugu, za marafiki wa ndugu, na mara nyingine za watu wasiowajua kabisa. Nyumba ya vyumba viwili ikawa na watu 20 au zaidi. Sufuria ikabaki ileile.

Hapa neno la Kiswahili lasaidia. Katika Injili ya Mathayo, Yusufu anaelezwa kuwa mtu wa haki. Kwetu neno haki lina maana mbili: ile ya mahakamani, na ile ya uadilifu wa mtu mbele ya Mungu. Justiça ya Kireno nayo ni hivyohivyo. Kwa haki ya kwanza, Yusufu angeweza kumwacha mchumba aliyeonekana kuwa na mimba isiyo yake, na sheria ingekuwa upande wake. Alichofanya ni kumpokea nyumbani, kisha muda mfupi baadaye kumchukua yeye na mtoto na kukimbilia Misri usiku, mtawala alipotaka kumuua mtoto huyo. Uadilifu wake katika simulizi hilo ni wa kutoa hifadhi, na hatamki hata neno moja.

Sipendi mahubiri yanayolifanya jambo hili lionekane jepesi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema pia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika Cabo Delgado siku ya tatu imekuwa mwaka wa tatu, kisha wa tano. Na jembe bila shamba halina kazi. Wakulima waliokimbia wamehitaji ardhi iliyo na wenyewe, na wavuvi waliopelekwa bara wamejikuta mbali na bahari, wakijifunza kulima wakiwa watu wazima. Ukarimu wa namna hiyo huchosha, na wenyeji wengi walikuwa maskini kabla ya kugonga mlango mgeni wa kwanza.

Tena wenyeji wenyewe wamegeuka wageni. Wilaya ya Chiúre, kusini mwa mkoa, ilipokea maelfu kwa maelfu ya watu kutoka kaskazini. Februari 2024 washambuliaji walifika huko na kuchoma misheni ya Mazeze. Julai 2025 wakarudi, na makumi ya maelfu wakakimbia, wakiwemo wale waliokuwa wamewafungulia wengine milango.

Kushukuru kwa lipi?

Desemba 15, 2024, siku kumi kabla ya sikukuu, kimbunga Chido kilitua Mecúfi, kusini kidogo ya Pemba, baada ya kuharibu kisiwa cha Mayotte siku iliyotangulia. Zaidi ya watu 100 walikufa Msumbiji. Huko Mecúfi nyumba chache mno zilibaki na paa. Wakati huohuo nchi ilikuwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Oktoba 9. Baraza la Katiba lilithibitisha matokeo Desemba 23, na siku yenyewe ya Krismasi wafungwa zaidi ya 1,500 walitoroka gerezani Maputo.

Katika hali hiyo, kumwambia mtu ashukuru kunahitaji tahadhari. Ibada kuu ya Wakatoliki huitwa Ekaristi, neno la Kigiriki lenye maana ya kushukuru, na waumini huamini kuwa ilianzishwa usiku ambao Yesu alisalitiwa. Shukrani hiyo haikungoja mambo yanyooke. Lakini Biblia hiyohiyo ina Zaburi nyingi za kilio, ambazo mwenye kusali anamuuliza Mungu waziwazi atamsahau mpaka lini. Kanisa linalomtaka mwathirika ashukuru bila kumpa nafasi ya kulia limeisoma nusu tu ya kitabu chake.

Manabii nao walikuwa wakali juu ya sikukuu. Amosi na Isaya wanamwonyesha Mungu akizichukia karamu za ibada za watu wanaomdhulumu maskini. Kwa Desemba ya Cabo Delgado onyo hilo lina mahali pake. Huu ni mwanzo wa mvua na wa kupanda. Chakula cha mavuno yaliyopita kinakaribia kwisha na kipya hakijakomaa. Bei hupanda sikukuu zikikaribia. Mwenye duka anayeficha mchele, au afisa anayeandika majina hewa katika orodha ya msaada, anaweza kuimba vizuri sana kwenye misa ya usiku.

Wapo pia waliolipa gharama ya kubaki. Septemba 6, 2022, Sista Maria De Coppi, mtawa wa Italia aliyefanya kazi Msumbiji tangu mwaka 1963, aliuawa kwa risasi katika misheni ya Chipene, mkoa jirani wa Nampula. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 80. Misheni hiyo ilikuwa na mabweni ya wanafunzi na huduma ya afya, vilivyotumiwa na watoto na wagonjwa wa dini zote.

Siku moja kwa wote

Baadhi ya Wakristo wa Msumbiji wangependa kalenda ya serikali iitaje Krismasi kwa jina lake. Waislamu nao wana hoja yao: Idi si siku ya mapumziko ya taifa, ingawa serikali imezoea kuwaruhusu wafanyakazi Waislamu wasiende kazini siku hiyo. Wote wawili wanaomba kutambuliwa, na sioni kuwa ombi la mmoja linalifuta la mwenzake.

Mwezi wa Desemba upepo wa kaskazi huwa umeanza kuvuma, upepo uleule ambao kwa karne nyingi umewaleta wasafiri kutoka kaskazini hadi visiwa hivi. Wavuvi wa Quirimbas wanaoishi Pemba wanaufahamu bila kuangalia kalenda. Baadhi yao wamekwisha kurudi visiwani. Wengine bado wako Paquitequete, katika nyumba za watu, na Desemba 25 huamka humo pamoja na wenyeji wao, siku ambayo serikali imeiita ya familia.