Kinyonga wa Milimani Huuawa na Joto

Katika nyanda za juu za Kenya, tangu miteremko ya Mlima Kenya hata bustani za Nairobi, hukaa kinyonga ambaye dume lake lina pembe tatu kichwani. Wataalamu humwita kinyonga wa Jackson, kwa jina la Frederick Jackson, mtu aliyejishughulisha sana na elimu ya ndege, na baadaye akawa Gavana wa Uganda. Habari zake ziliandikwa mara ya kwanza katika elimu ya wanyama mwaka 1896.

Watu wengi wa Afrika humwogopa bure, kwani hana sumu. Huko Ulaya na Marekani, kinyume chake, wako wampendao na kumfuga nyumbani. Lakini wengi wao humwua pasipo kukusudia, kwa kumfanyia wema asiouhitaji. Wema huo ni kumtia joto.

Kosa hilo lina asili yake. Mtu wa mbali asikiapo kwamba mnyama ametoka Afrika, hudhani ametoka mahali penye jua kali. Basi humweka ndani ya sanduku la kioo na kumwashia taa ya moto mchana na usiku. Kumbe kinyonga huyu ni mwenyeji wa milima, ambako ukungu hutanda alfajiri na watu hulala kwa kujifunika blanketi. Mchana joto la digrii 21 hadi 26 za Selsiasi lamtosha. Usiku yafaa lishuke hata digrii 15 au chini kidogo. Baridi hiyo ndiyo pumziko lake. Akiikosa siku nyingi hudhoofika, huacha kula, na mwisho hufa. Akionekana amepauka rangi na kuachama kinywa, ijulikane kwamba joto limemzidi, naye apelekwe kivulini mara moja.

Nyumba Yake

Nyumba imfaayo ni ya wavu wa waya, si ya kioo. Upana wake futi mbili na kimo chake futi nne, nayo ijazwe matawi na majani mabichi. Upande mmoja wa juu uwe na jua la asubuhi, na upande wa pili uwe na kivuli, ili mnyama achague mwenyewe.

Kioo kina madhara mawili. Kwanza, huzuia hewa isipite. Pili, huzuia miali fulani ya jua isiyoonekana kwa macho, ambayo huuwezesha mwili kutengeneza vitamini D. Asipoipata miali hiyo mifupa yake hulainika, na miguu hupinda kama ya mtoto mwenye matege. Katika nchi zenye majira ya baridi kali, wafugaji hutumia taa maalumu zitoazo miali hiyo.

Maji na Chakula

Kinyonga aweza kufa kwa kiu mbele ya bakuli lililojaa maji. Desturi yake ni kunywa matone ya umande na mvua yaliyo juu ya majani. Maji yaliyotulia aghalabu hayatambui. Kwa hiyo majani hunyunyizwa maji asubuhi na jioni, au kopo lenye tundu dogo hutundikwa juu ya nyumba yake ili maji yadondoke polepole. Macho yaliyobonyea ni dalili ya kiu. Kadhalika kile kitu cheupe kilicho katika kinyesi chake kikigeuka rangi ya machungwa, maji hayatoshi.

Chakula chake ni wadudu walio hai: panzi, nyenje, nzi na nondo. Mdudu asizidi upana wa kichwa cha kinyonga, naye alishwe kwanza majani mabichi na karoti, kwa maana chakula cha mdudu huwa chakula cha kinyonga. Wafugaji humpaka mdudu unga wa kalsiamu ili mifupa ya kinyonga iwe imara. Lakini unga wenye vitamini utolewe kwa uangalifu, kwani ukizidi waweza kumletea uvimbe wa shingo.

Tena kinyonga hupenda upweke. Madume wawili wakiwekwa pamoja hupigana kwa pembe. Na kushikwashikwa mara kwa mara humtaabisha. Jike hatagi mayai kama vinyonga wengi. Huzaa watoto hai, baada ya kuchukua mimba kwa miezi sita au zaidi.

Mfano wa Hawaii

Mwaka 1972 mwenye duka moja la wanyama katika kisiwa cha Oahu, huko Hawaii, aliletewa vinyonga wa Jackson kutoka Kenya. Walifika wamekonda na kukaukiwa maji. Aliwaachilia katika bustani yake ili wapate nafuu. Nafuu waliipata, kisha wakatoroka, wakazaana na kuenea vilimani palipo na ubaridi na mvua. Huko sasa hula wadudu na konokono wa asili wa visiwa hivyo, ambao baadhi yao wamebaki wachache mno. Basi mfugaji ana wajibu mara mbili: kumtunza mnyama wake, na kutomwacha atoroke katika nchi isiyo yake.

Tangu mwaka 1977 biashara ya vinyonga hawa baina ya mataifa inasimamiwa na mapatano ya nchi nyingi, na mwaka 1981 Kenya ilikataza kuwapeleka ng'ambo kwa biashara. Kwa sheria ya mwaka 2013, mtu haruhusiwi kufuga mnyama wa porini nchini Kenya bila kibali. Lakini mkulima hahitaji kibali ili kumwacha kinyonga akae katika ua wake wa michongoma. Hapo jua la asubuhi, umande, wadudu na baridi ya usiku, ambavyo wafugaji wa mbali huvitafuta kwa gharama, kinyonga huvipata vyote bure.