Mwanasayansi Aandamane au Anyamaze?

Tumezoea kumwona mtaalamu kama mtu wa vitabu na vipimo. Akitoka hadharani hutoa hotuba, hupigiwa makofi, kisha akarejea kazini kwake. Basi, msomaji, utasemaje ukiambiwa kwamba mtaalamu mkubwa wa Marekani, mtu mzima wa miaka 68, alitiwa mbaroni na polisi pamoja na waandamanaji wengine?

Mtu huyo ni Daktari James Hansen. Tangu 1981 hadi 2013 aliongoza taasisi ya NASA mjini New York inayochunguza hali ya hewa ya dunia. Tarehe 23 Juni 1988 aliitwa mbele ya kamati ya Seneti mjini Washington, akatamka kwamba ana hakika kwa asilimia 99 kuwa dunia inazidi kupata joto, wala si kwa bahati tu. Magazeti yakaandika, wakubwa wakatikisa vichwa. Mwaka uliofuata, alipotoa ushahidi tena, maafisa wa serikali waliyabadili maandishi yake ili yaonekane kuwa na shaka. Makaa ya mawe nayo yakaendelea kuchomwa. Ilipofika tarehe ile ile ya 23 Juni, mwaka 2009, akakamatwa huko West Virginia akipinga milima kulipuliwa ili makaa yapatikane.

Wako wanaomlaumu, na hoja yao si ya kudharauliwa. Wasema mtaalamu ni kama shahidi mbele ya kadhi: akishaonekana amependelea upande mmoja, ni nani atakayeamini maneno yake? Mwananchi akimwona ameshika bango atadhani hata hesabu zake zimepindwa zilifuate bango.

Wengine huona kosa hilo lastahili adhabu. Mwezi wa Desemba 2022, Bibi Rose Abramoff na mwenzake Peter Kalmus walipanda jukwaani katika mkutano wa wanasayansi mjini Chicago, wakakunjua bango la kuwahimiza wenzao watoke maabara waingie barabarani. Ilikuwa kwa muda mfupi tu. Mwezi wa Januari 2023 Bibi Abramoff akafukuzwa kazi katika maabara alimokuwa akifanyia utafiti. Kwa hiyo anayetoka kuandamana hachezi; huweka riziki yake rehani.

Sasa tutazame upande wa pili. Chukua mfano wa jahazi. Baharia aliye omoni akiona mwamba, humwarifu nahodha kwa adabu. Nahodha asiposikia, humwarifu tena. Lakini mwamba ukiwa karibu, na nahodha bado apiga soga, je, adabu ni kunyamaza? Abiria wakizama, nani atamsifu baharia yule kwa upole wake?

Na sisi wa pwani ni abiria wa jahazi hilo. Mwaka 1998 bahari yetu ilipata joto kupita kiasi, matumbawe mengi yakapauka na kufa. Matumbawe yakifa samaki hukosa makazi, na mvuvi hurudi na dema tupu.

Tena tunao mfano wetu wenyewe. Ulipotangazwa mpango wa kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, Lamu, wa megawati 1,050, watu wa Amu waliandamana, wake kwa waume. Lakini hawakuishia hapo. Walipeleka kesi mbele ya baraza la taifa la kuamua mashauri ya mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Baraza liliona kwamba wananchi hawakushauriwa ipasavyo, na uchunguzi wa madhara ulikuwa na kasoro. Maandamano yaliwafanya wakubwa wageuze shingo. Lakini kilichofuta leseni ni hoja na ushahidi. Kimoja bila ya kingine kisingefika mbali.

Kwa maoni yangu, mwanasayansi na aandamane, lakini kwa masharti mawili. Kwanza, asiandike katika bango lake neno ambalo hawezi kulitetea mbele ya wataalamu wenzake. Akitia chumvi mara moja tu, hata ukweli wake utaitwa chumvi. Pili, asiziache ala zake. Kelele za barabarani zisichukue mahali pa vipimo, maana bila ya vipimo yeye ni mpita njia kama sisi.

Elimu ni amana. Aliyepewa kuona mbali hana ruhusa ya kujifanya kipofu ili alinde kiti chake. Na wale wanaomlaumu Daktari Hansen kwa kupiga kelele mwaka 2009, hapana budi watujibu kwanza: aliposema taratibu mwaka 1988, nani alimsikiliza?